Nani Kasema Kunguru Hana Akili?

Kijiweni kwetu Magomeni Mapipa yupo bwana mmoja ambaye kila ubishi unapomwelemea hutoa neno lake la mwisho: "Mnyama hana akili bwana, ana silika tu." Akishasema hivyo hunywa kahawa yake kama hakimu aliyemaliza kesi. Wiki iliyopita alilitoa tena, nami safari hii nikamkatalia. Kabla sijafika mbali adhana ikalia, watu wakatawanyika. Basi namalizia hapa.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka 2009, nikiwa darasa la sita, nilimwua kunguru kwa manati. Bibi yangu alikuwa akipika vitumbua kibarazani, na kunguru walikuwa wakimtia hasara kila asubuhi. Nikamning'iniza yule marehemu kwenye nguzo ya kibaraza, kichwa chini, ili wenzake waone. Waliona. Tena waliona kuliko nilivyotaka. Kwa mwezi mzima, kila nikitoka mlangoni na madaftari yangu, mmoja anapiga kelele juu ya waya wa umeme, mara wamejaa kumi, wananifuata hadi barabara ya Morogoro, wengine wakinishukia utosini. Nikabadili njia, wapi! Nikatoka pamoja na ndugu zangu watatu, sote tumevaa sare ile ile ya shule, nikashukiwa mimi peke yangu. Bibi, ambaye bega lake lilikuwa bovu na hawezi kurusha hata kokoto, alikuwa akiinama kama anayeokota jiwe, na wao hata hawashtuki. Mimi nikiinama kufunga kamba za viatu, waya mzima mtupu.

"Wewe wanakujua," Bibi akaniambia, "na mimi wananijua." Kisha akanikumbusha ya madrasa, kwamba kunguru ndiye aliyemwonyesha Kabili namna ya kumzika nduguye. "Mwalimu wa kuzika huyo, mjukuu wangu, halafu wewe unamtundika?" Jioni ile nilimshusha, nikamfukia nyuma ya choo.

Bwana wa kijiweni atasema hizo ni hadithi za utoto. Haya, nimpe za wasomi. Mwaka 2006, katika Chuo Kikuu cha Washington kilichoko Seattle, Marekani, mtafiti John Marzluff na wenzake walivaa kinyago cha mtu wa pangoni, wakakamata kunguru saba, wakawavisha pete miguuni na kuwaachia. Baada ya hapo, yeyote aliyepita chuoni na kinyago kile alizomewa, awe mwanamume au mwanamke, mrefu au mfupi. (Kinyago cha pili, ambacho hakikukamata mtu, kilikuwa sura ya Dick Cheney, aliyekuwa Makamu wa Rais wa nchi hiyo. Huyo kunguru walimwacha apite zake.) Miaka ilivyosonga, wazomeaji wakaongezeka badala ya kupungua, na wengi wao hawajawahi kukamatwa hata siku moja. Walijifunza kwa wenzao. Kunguru wale si wa jamii hii yetu ya shingo ya kijivu, lakini ukoo ni mmoja. Sasa niambie, bwana mkubwa, hiyo ni silika gani? Silika ni ya kuzaliwa nayo. Buibui hafundwi kutanda utando. Lakini hakuna kunguru wa Magomeni aliyezaliwa akiujua uso wangu.

Na usiniambie hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani. Vuka maji hapo Unguja, nenda Jozani, umtazame kima punju. Anakula majani ya miembe na mikungu, ambayo yana kemikali za kumsumbua tumbo. Afanyeje? Anakula mkaa. Anaiba kwenye tanuri za wachoma mkaa, au anabandua kwenye visiki vilivyoungua. Watafiti walioandika habari hiyo mwaka 1997 walieleza kwamba mkaa hunyonya zile kemikali, na kwamba watoto huelekea kuipata tabia hiyo kwa mama zao. Hospitalini nako, mtu aliyekunywa sumu aina fulani hupewa mkaa maalumu aumeze. Mwenye dawa ndiye tuliyembandika jina la sumu!

Lakini hasira yangu hasa iko kwingine. Barabara hii hii ya Morogoro inayopitisha mabasi ya mwendokasi mbele ya nyumba zetu, ukiifuata kilomita karibu 190 unafika Morogoro mjini, na pale Chuo Kikuu cha Sokoine kuna panya buku wanaofundishwa na shirika la APOPO. Wananusa mabomu ya kutegwa ardhini. Wananusa pia kifua kikuu katika makohozi, sampuli 100 kwa dakika 20 hivi. Panya aitwaye Magawa, mzaliwa wa hapa hapa Tanzania, alipelekwa Kambodia, akafichua mabomu zaidi ya 100 kabla ya kustaafu mwaka 2021. Mwaka 2020 shirika moja la Uingereza lilimvisha medali ya dhahabu. Alipokufa Januari 2022, dunia ilimlilia. Na mimi nilimlilia, sisemi uongo.

Hapo ndipo ninapouliza. Yule bwana wa kijiweni, Magawa anamsifu! "Panya yule kasoma," anasema. Kwa nini panya kasoma na kunguru ana silika? Kwa sababu panya katumikia, akalipwa ndizi. Kunguru hakuomba kazi kwetu. Twasema kunguru hafugiki, na kwa wengi wetu kutofugika ndiko kukosa akili. Tukishapima akili kwa utii, ndugu zangu, mizani hiyo haiishii kwa ndege.

Mwaka ule ule wa 2009, darasani kwetu, mwalimu mmoja aliuliza binadamu anatofautiana vipi na wanyama. Jibu lililotakiwa lilikuwa ubaoni tangu jana yake: binadamu ana akili na anatengeneza zana. Kijana mmoja, mfugaji wa njiwa, akanyoosha mkono. Akasema njiwa wake wana akili, maana aliwahi kumpeleka mmoja Mlandizi ndani ya boksi, akamwachia, na aliporudi Magomeni akamkuta juu ya bati anamsubiri. Darasa tukacheka. Mwalimu akamwita ng'ombe, akamchapa viboko vinne kwa kubishana na ubao.

Wakati huo, habari ya Gombe ilikuwa na umri wa miaka 49! Novemba 1960, kwenye nchi yetu hii, upande wa Kigoma, Jane Goodall alimwona sokwe aliyempa jina David Greybeard akichuma kijiti, anakipukutisha majani, anavulia mchwa. Zana hiyo. Ubao ulikuwa umekosea, na aliyechapwa ni mwenye njiwa. Hakunyoosha mkono tena hadi tulipomaliza la saba. Siku hizi anauza vifaranga Manzese. Muulize maradhi ya kuku, atakutajia kwa kusikia mlio tu. Mwambie ana akili, ataangalia pembeni.

Najua nitajibiwa kwamba natetea wezi. Sitetei. Kunguru hawa waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale taka, wakazaana, wakavuka bahari, na leo wanamaliza mayai na makinda ya ndege wenyeji. Dar es Salaam wamewahi kutegwa na kulishwa sumu, na wapo. Kenya nayo, Juni 2024, ilitangaza mpango wa kuua milioni moja. Pengine hapana budi. Lakini mwenye kuua aseme anaua kiumbe anayemtambua kwa sura, asijifariji na neno silika.

Na bwana wangu wa kahawa, kama bado anabisha, aje kesho saa kumi na mbili asubuhi pale nguzo ya umeme karibu na kibaraza cha marehemu Bibi. Arushe jiwe moja tu, si lazima limpate ndege. Halafu keshokutwa apite tena njia ile ile, kichwa wazi.