Ukumbi wa Astoria na Hesabu ya Fidia

Serikali inapotwaa jengo ili kupisha reli au barabara, hesabu ya fidia huanza na kuishia kwa mwenye hati. Wanafunzi wangu wengi huliona jambo hilo kuwa la haki. Mimi nalitilia shaka, na mfano ninaopenda kuutoa darasani si wa Kimara, ni wa London.

Ukumbi wa Astoria ulikuwa barabara ya Charing Cross, karibu na kituo cha Tottenham Court Road. Jengo lilikuwa ghala la achari, likageuzwa sinema mwaka 1927, na kuanzia miaka ya 1980 likawa ukumbi wa muziki wa watu wapatao 2,000. Radiohead walirekodi onesho lao humo Mei 1994, wakati wakijulikana zaidi kwa wimbo mmoja. Januari 2009 ukumbi ulifungwa, kisha ukabomolewa kupisha reli ya Crossrail.

Nilikuwa huko nikiandika tasnifu yangu ya uzamivu. Mwishoni mwa 2008 nilihudhuria onesho la vijana wanne wa gitaa na ngoma, waliojitegemea bila kampuni kubwa ya kurekodi nyuma yao. Sakafu ilinata bia. Vyoo, heri nisivitaje. Kwa mtu aliyelelewa na muziki wa dansi, ambako watu huzungushana taratibu hadi alfajiri, kule kurukaruka kulikuwa kichekesho. Lakini katika wimbo wa tatu mpiga gitaa alikatikiwa uzi, na ukumbi mzima ukaendelea kumwimbia hadi alipofunga mwingine. Makarani, wahudumu wa mikahawa, wanafunzi wa kigeni: watu wasiofahamiana, wakiutunza wimbo wa mtu. Hilo nalo lilibomolewa, wala halikuwamo katika daftari la mthamini.

Sipingi reli. Njia hiyo, ambayo sasa inaitwa Elizabeth, ilifunguliwa Mei 2022 na inawafikisha kazini wauguzi na wafagizi wengi. Anayelilia ukumbi asijifanye hawaoni. Ninachouliza ni nani alikuwa na sauti mezani. Tangu 1976 Uingereza ina chombo cha kisheria cha kutetea majumba ya maigizo, Theatres Trust, ambacho mamlaka za mipango miji hupaswa kukishauri. Kumbi za muziki hazikuwa na chombo cha namna hiyo. Music Venue Trust, ambayo ni asasi ya hisani tu, iliundwa mwaka 2014, Astoria ikiwa imekwisha kuwa shimo. Matokeo yake yanaonekana kwa macho: mwaka 2022 hapo palifunguliwa jumba la maigizo la viti 602. Bendi za vijana hazikurudi.

Sheria yetu ya Ardhi ya 1999 inataja thamani ya soko, posho ya usumbufu, usafiri, hasara ya faida au makazi. Orodha ni pana kuliko wengi wanavyodhani, ila inamtazama mwenye maslahi katika ardhi. Kikundi kinachofanya mazoezi uani mwa baa kwa miaka ishirini hakina cha kujaza katika fomu. Maofisa wa mipango miji mnaonisoma mnaweza kuanza na jambo dogo lisilohitaji Bunge: kabla mthamini hajaitwa, andikeni ni akina nani hukutana pale, siku zipi, kwa shughuli gani, kisha nao wapewe barua ya kikao cha wadau.