Daktari aliuliza, nikadanganya

Nilimdanganya daktari. Silisemi kwa kujivunia, ila nina hakika siko peke yangu, ndiyo maana wiki hii naliandika hapa.

Binti yangu ana miaka mitatu. Homa ilimpanda Jumamosi usiku, nikakimbilia duka la dawa la mtaani, nikauziwa dawa ya mseto bila kipimo chochote. Akamaliza dozi, akapata nafuu. Wiki mbili baadaye homa ikarudi, safari hii tukaenda hospitali. Daktari, macho yake kwenye daftari, akauliza: "Mmeshampa dawa gani?"

Nikajibu, "Hakuna, daktari."

Mwaka jana nilisema ukweli kwenye chumba kama kile. Nikafokewa mbele ya muuguzi na mgonjwa mwingine aliyekuwa akisubiri: "Nyie akina mama siku hizi mmekuwa madaktari!" Nilitoka nimeinamisha kichwa, na somo nililoondoka nalo ni kwamba ukifika pale, nyamaza.

Basi mtoto akachomwa kidole, kipimo cha haraka kikaonyesha malaria, tukarudi nyumbani na mseto mwingine. Siku ya tatu mwili bado wa moto, uji hataki.

Tuliporudi tulimkuta daktari mwingine, kijana. Mama yangu, tuliyekuwa naye, ni wa kizazi kinachomwamkia daktari hata akiwa na umri wa mjukuu wake. Kabla hajafungua mdomo yule kijana akamwahi: "Shikamoo bibi." Mama akaitikia marahaba huku akinitazama mimi, kana kwamba nieleze kinachoendelea.

Kisha akauliza swali lile lile, ila si kwa namna ile ile. "Wazazi wengi wakifika hapa huwa wameshajaribu kitu nyumbani. Ninyi mlianza na nini?"

Nikasema yote. Duka la dawa, mseto wa kwanza, tarehe. Nikaongeza na dawa ya mafua niliyokuwa nampa pamoja na dawa ya homa. Hapo akaomba kuziona chupa, akanionyesha kwa kidole kwamba zote mbili zina parasetamo. Nilikuwa namzidishia dozi bila kujua, na parasetamo ikizidi huumiza ini.

Lakini lililonishtua zaidi ni la malaria. Kile kipimo cha haraka, alisema, hakitafuti vimelea vyenyewe, kinatafuta protini yao. Protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa hata baada ya dawa kuviua vimelea vyote. Kwa hiyo mistari miwili aliyoiona daktari wa kwanza huenda ilikuwa ya ugonjwa wa zamani. Angejua kuhusu mseto wa duka la dawa, angeomba damu iangaliwe kwa hadubini. Hakujua, kwa sababu nilimficha.

Damu ikaangaliwa, hakuna vimelea. Akauliza kama mtoto analalamika akikojoa. Mimi nikasema sijaona. Mama akasema, "Analia, tangu juzi." Hakuna aliyekuwa amemuuliza, na yeye si mtu wa kumwingilia daktari. Mkojo ukapimwa, ikawa UTI, ambayo kwa mtoto mdogo ikiachwa inaweza kufika kwenye figo. Akaanzishiwa antibiotiki kwa kufuata uzito wake.

Nimemsamehe yule wa kwanza, au tuseme najitahidi. Foleni ilikuwa imefika getini. Na tuseme kweli, wapo wazazi wanaoingia na simu mkononi, wameshasoma ugonjwa na dawa yake, kazi ya daktari ni kuandika tu. Wengine wakiambiwa kipimo hakijaonyesha malaria wanakasirika. Hilo nalielewa pia. Tumekulia zama ambazo homa ilikuwa malaria, basi. Ulipewa klorokwini hadi 2001, kisha SP, kisha mseto kuanzia 2006, na mara nyingi hakuna aliyekupima. Ni mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Mama yangu alitulea wote bila kumuuliza daktari hata jina la dawa. Ukipewa, unameza.

Mimi nauliza. Lakini kumbe nilikuwa nauliza huku nikificha, na hilo ni baya kuliko kunyamaza.

Sasa nyuma ya daftari la mtoto naandika kila kinachoingia mdomoni mwake akiwa anaumwa: jina la dawa, tarehe, saa, hata majani ya bibi. Boksi tupu silitupi mpaka apone. Nikiingia kwa daktari nampa daftari likiwa limefunguliwa ukurasa huo, kabla hajauliza, maana nikingoja swali woga wa zamani unaweza kunirudia. Juzi muuguzi aliliangalia akacheka, akaniambia mwandiko wangu ni mbaya kuliko wa daktari.

Mtoto amepona. Mama ndiye bado anamzungumzia yule kijana. Anasema ana adabu mno, na anataka nihakikishe kama kweli ni daktari.