Mtutangazie Kabla Hatujapanda

Aprili 2025 vijana wenzangu wengi wa Dar es Salaam walishangilia kana kwamba Taifa Stars imefunga bao. Waziri wa Kilimo wa wakati ule, Hussein Bashe, alikuwa amepiga marufuku mazao ya kilimo kutoka Afrika Kusini na Malawi. Dawa ya moto ni moto, wakasema. Na sababu zilikuwapo, sibishi. Afrika Kusini ilikuwa imezikataa ndizi zetu kwa miaka. Malawi nayo, Machi mwaka huohuo, ilifunga mlango kwa mchele, unga wa mahindi, tangawizi, ndizi na vinginevyo. Basi sisi tukajibu. Siku chache tu zikapita, wakubwa wakakaa kuzungumza, marufuku yetu ikaondolewa, na washangiliaji wakahamia kwenye habari nyingine.

Mimi sikushangilia, wala sikununa. Nilijiuliza swali la kishamba, maana mimi ni mtu wa Dimani: mambo haya yametangazwa mwezi gani?

Machi na Aprili, ndugu msomaji, mpunga uko shambani. Mbegu ilimwagwa tangu Desemba au Januari. Huku kwetu, ukishuka delta, kaa wamekwisha kukata miche na watu wamerudia kupanda. Mama fulani amehamia dunguni na wanawe, analinda ndege mchana na nguruwe usiku, na kiboko akija haombi kibali. Maji ya chumvi nayo yanasubiri mto upungue nguvu yapande. Sasa mtu wa namna hii umwambie leo kwamba soko limefungwa, afanyeje? Aung'oe? Mpunga si duka kwamba utashusha mlango, uondoke zako.

Najua msomi mmoja atacheka. Mpunga wa Dimani unakwenda Malawi lini, wee? Hauendi. Wa kwetu huishia Kibiti, ukibahatika unafika Dar. Lakini bei haina pasipoti, inapita popote. Mchele wa Kyela ukizuiwa kuingia Malawi, au wa Kahama ukikataliwa Rwanda na Uganda, hauliwi na wenyewe wote. Unapakiwa kwenye malori unaletwa Tandale. Tandale ikijaa, yule mfanyabiashara aliyekuwa aje Kibiti ama haji, ama anakuja na maneno: "Bei imeanguka, mzee, nipe kwa hiyo hiyo." Tena anataka lumbesa. Mzee wa watu hajui kuwa ugomvi umeanzia mpakani, mbali huko. Anachojua ni kwamba ana deni dukani, na mvua ikimkuta na mpunga nje utaota.

Wala si mara moja. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingia kwake, tani 200,000 tu kutoka nje, wakati wakulima wetu wa Lindi, Mtwara na Manyara wanavuna. Msumbiji ilikuwa na makubaliano yake na India tangu 2016, ikapata pa kupenyea. Sisi hatukuwa nayo. Mbaazi zikageuka mboga ya kumpa jirani bure. Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha baada ya siku chache ikafungua kwa masharti ya vyeti. Sumukuvu ni kitu kibaya, kinaua, sitetei mtu auze sumu. Ila lori lililokwama mpakani lilikuwa limepakia mahindi yaliyokwisha kununuliwa, na mwenye lori hasara yake humrudishia mkulima msimu unaofuata.

Tusijifanye malaika lakini. Mwanzoni mwa 2013 Serikali yetu wenyewe iliruhusu mchele wa nje uingie bila ushuru ili bei ipungue mijini. Mijini wakapumua. Huko mashambani watu walikuwa wamekwisha kulima na kupanda kwa kutazamia bei ya mwaka uliotangulia. Wakavuna, wakakuta ghala za wafanyabiashara zina mchele wa Asia. Halafu majirani wakaanza kuushuku hata mchele wetu halisi, eti ni wa Asia umebadilishiwa gunia, wakataka kuutoza ushuru kama wa mgeni. Na kwa bandari bubu tulizonazo pwani hii, nani angewakemea kwa ujasiri?

Ushuru huo wa mgeni ni asilimia 75 katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwenye karatasi ni ukuta. Kenya lakini, mwaka hadi mwaka, imekuwa ikiomba itoze asilimia 35 tu. Kwa nini? Kwa sababu Pakistan ndiyo mnunuzi mkubwa wa chai ya Kenya, na Pakistan ina mchele wa kuuza. Ukiubana mchele wake, atabana chai yako. Simlaumu Mkenya kwa kutetea chai yake, mimi ningekuwa Kericho ningesema hivyo hivyo. Nataka tu vijana wanaoandika mashairi ya umoja wa Afrika Mashariki wajue kwamba umoja huo una mizani, na kwamba upande mmoja wa mizani kuna jani la chai na upande wa pili kuna jasho la mtu ambaye hakuitwa kikaoni.

Hata huko Kenya kwenyewe, Julai 2025 Serikali ilitangaza kuingiza tani 500,000 za mchele bila ushuru. Chama kimoja cha siasa kinachojiita cha wakulima kikaenda Mahakama Kuu ya Kerugoya, jirani na mashamba ya Mwea, na mahakama ikasimamisha kwanza, ndipo baadaye ikaruhusu sehemu. Nawaonea wivu. Sisi delta tungeanzia mahakama ipi, na nauli ya boti nani atoe?

Sasa wenzangu wa "funga mipaka, tule chetu" naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo tunapoachana. Mkulima wa kwetu ni muuzaji mwezi wa Juni na mnunuzi mwezi wa Februari. Hana ghala. Anauza mapema na kwa bei ya chini kwa sababu ada ya mtoto haingoji, na ikifika masika anapanga foleni dukani kununua kilo mojamoja kwa bei ya juu, pengine ni mchele uleule uliotoka shambani kwake. Aprili 2024 mafuriko yalifagia mashamba Rufiji na Kibiti. Mwaka ule wengi wakawa wanunuzi, chakula kilikuwa cha kununua au cha msaada. Ungefunga mipaka yote mwaka ule kwa jina la mkulima, ungekuwa umemfungia nani? Kwa hiyo msiniletee nyimbo za funga, wala wale wa soko huria wasiniletee nyimbo za fungua. Wote wawili hamjawahi kulala dunguni.

Ninachodai ni kidogo, na hakihitaji mkutano Geneva. Kila mwaka, ifikapo Juni 30, Gazeti la Jumuiya huchapisha mabadiliko ya ushuru: nchi ipi itatoza ngapi kwa mchele, kwa ngano, kwa sukari. Linachapishwa kwa Kiingereza. Linaanza kazi kesho yake, Julai mosi, kwa kuwa ndipo mwaka wa fedha unapoanza. Mwaka wa fedha wa nani? Juni 30 sisi mundu uko mkononi. Fedha ya kulimia imekwisha kutumika, nguvu imekwisha kutoka, na mtu hawezi tena kuamua alime ufuta badala ya mpunga, au apunguze shamba, au angoje.

Basi ushuru wa mazao ya chakula utakaochapishwa Juni 30 uanze kutumika baada ya mavuno yanayofuata, isipokuwa kuna njaa au sumu iliyothibitishwa, na hiyo itamkwe hadharani. Kisha lile tangazo lifanywe Kiswahili, karatasi moja tu, libandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata kabla ya Oktoba kwisha. Pale Dimani ubao upo. Karatasi za uchaguzi zinafika kwa wakati, za michango zinafika kwa wakati, hata zile za kutukataza kukata mikoko zinafika. Hiyo moja ya bei ya mpunga wetu inashindwa kupita barabara gani?