Daraja si Hatua: Istilahi za Uchunguzi wa Tishu za Matiti

Wapo wanaoshikilia kwamba kazi ya mwanaisimu hukoma mlangoni pa maabara. Makala haya yanapinga msimamo huo. Jina la ugonjwa ni sehemu ya tiba, na likipotoka humpotosha mgonjwa.

Tuchukue mfano wa uvimbe wa filodesi. Huu ni uvimbe adimu, usiofikia hata asilimia 1 ya uvimbe wote wa matiti. Ukipapaswa, na hata ukipigwa picha, hufanana mno na faibroadenoma, uvimbe wa kawaida usio wa saratani unaowapata wasichana wengi. Ni tishu yenyewe inayotoa ushahidi. Mwanapatholojia huikata vipande vyembamba, akaitia rangi na kuitazama kwa hadubini. Hupima msongamano wa seli za tishu unganishi, kasoro za maumbo yake, wingi wa seli zinazogawanyika, na kama ukingo wa uvimbe umepenya tishu jirani. Hapo ndipo huupa daraja moja kati ya matatu: usio wa saratani, wa mpakani, au wa saratani.

Historia ya jina la uvimbe huu ni funzo kwetu. Mwaka 1838 Johannes Müller wa Ujerumani aliuita sistosakoma filodesi, kwa sababu ya umbo lake lililofanana na majani. Enzi hizo 'sakoma' ilimaanisha kitu chenye umbo la nyama. Baadaye neno hilo likawa jina la saratani, ilhali uvimbe mwingi wa aina hii si saratani. Ilipofika mwaka 1981, Shirika la Afya Duniani lilichagua jina lisilohukumu: uvimbe wa filodesi.

Je, Kiswahili chetu kimejihadhari? Naona mitego miwili. Kwanza, watu hutumia 'hatua' kwa mambo mawili tofauti. Daraja huonyesha tabia ya seli chini ya hadubini. Hatua huonyesha ukubwa wa saratani na umbali iliosambaa mwilini. Mgonjwa aliyeambiwa 'ya tatu' bila kufafanuliwa ni ipi kati ya hizo anaweza kukata tamaa bure. Pili, kuna wanaosema 'uvimbe salama'. Filodesi isiyo ya saratani huweza kuota tena isipoondolewa yote. 'Salama' humfanya mgonjwa apuuze miadi yake. Heri tuseme 'usio wa saratani', maana hayo ndiyo yaliyothibitishwa na tishu, bila kuzidisha wala kupunguza.

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu, inapowezekana, ampe mgonjwa maelezo kwa lugha anayoielewa. Sheria haiwezi kutekelezwa kwa istilahi zinazogongana. Basi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili tuketi na wanapatholojia, tukubaliane kuhusu maneno haya machache, kisha tuyafundishe. Mama anayesubiri majibu ya tishu yake anastahili kuyaelewa siku ile ile anayoyapokea.