Nzi Hangoji Jumamosi ya Mwisho wa Mwezi

Kwa Mkurugenzi,
Halmashauri ya Manispaa ya Mpanda,
Mkoa wa Katavi.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MAPIPA YA TAKA YA NYUMBANI NA SIKU ZA KUYAZOA

Nakuandikia kuhusu chombo kilichopo kila nyumba, Makanyagio hadi Kawajense: pipa la taka. Kwa wengi wetu ni ndoo iliyopasuka, au kiroba kilichoegemezwa ukutani.

Msimu wa maembe uliopita niliinua kiroba cha kwangu ili nikifunge. Udongo chini yake ulikuwa unachezacheza. Funza weupe walishatoka kwenye maganda, wanatambaa kufuata ukuta, hatua tatu tu kutoka kwenye karai la vyombo. Kosa lilikuwa langu: sikukifunika, na mabaki yenye majimaji nilimwaga humohumo.

Nzi hutaga mayai 100 na zaidi kwa mkupuo mmoja. Huanguliwa ndani ya siku moja hivi. Funza hula siku chache, kisha hutoka kutafuta udongo mkavu wa kujificha. Kwenye joto, yai huwa nzi ndani ya siku 7 hadi 10.

Sasa tuangalie kalenda yetu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunatoka na mafagio na majembe kufanya usafi. Utaratibu huo ni mzuri, uendelee. Lakini kati ya Jumamosi hiyo na ile ya mwezi unaofuata, nzi wanaweza kuzaliana vizazi vitatu. Pipa likizolewa mara 2 kwa wiki, tunawabeba wangali funza.

Panya naye, akishashibia pipani, usiku huhamia kwenye magunia ya mahindi na mpunga ambayo wakulima wa Katavi tunayaweka ndani tunamolala.

Naomba mambo matatu.

Kwanza, ratiba ya kuzoa taka mara 2 kwa wiki, ibandikwe kwenye ofisi ya kila mtaa. Pale gari lisipopita, vijana wenye matoroli na maguta wapewe kazi hiyo kwa mkataba.

Pili, sheria ndogo itamke wazi kwamba pipa liwe na mfuniko na liinuliwe juu ya mawe. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, taka zetu hazifungwi tena kwenye rambo, zinamwagwa wazi. Marufuku ile ilikuwa sahihi, na kazi ya kufunika sasa ni ya mfuniko. Wenyeviti wa mitaa waelimishe kwanza, faini ifuate baadaye.

Tatu, wenye uwanja wahimizwe kuchimba shimo la mboji, maganda yarudi shambani badala ya kuoza pipani.

Nasi wananchi tuna sehemu yetu. Tuchuje maji kabla ya kutupa mabaki. Tunyunyizie majivu ya jikoni yaliyopoa kabisa, maana hunyonya unyevu ambao funza anauhitaji. Pipa likishazolewa, tulisugue kwa sabuni na kulifudikiza juani likauke. Mimi nimeanza, na pembeni ya karai langu leo hakuna funza. Lakini nzi wa jirani hajui mpaka wa uwanja, ndiyo maana nimekuandikia wewe.

Naomba ratiba ya kwanza ibandikwe kabla mvua za Novemba hazijaanza na maembe hayajaiva.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Makanyagio, Mpanda