Ufa Uzibwe Kiwandani

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Usemi huo unafaa kubandikwa mlangoni mwa kila kiwanda kinachotengeneza seli za haidrojeni, yaani vyombo vinavyounganisha haidrojeni na oksijeni na kutoa umeme, joto na maji.

Moyo wa seli hiyo ni utando ambao, katika seli za magari, unene wake mara nyingi haufiki sehemu tatu kwa mia za milimita moja. Tundu lisiloonekana kwa macho likibaki humo, haidrojeni hupenya upande wa pili, utando huzidi kuharibika, na seli hufa kabla ya wakati wake. Wala hasara haiishii hapo. Seli moja ikiwa kazini hutoa chini ya volti 1; hivyo hapana budi zipangwe kwa mamia, umeme ukipita toka moja hadi nyingine. Gari la Toyota Mirai lililotoka mwaka 2014 lilikuwa na seli 370. Ikidhoofika moja, zote hudhoofika.

Wako wanaotosheka kukata vipande vichache na kuvipima maabarani. Kipande kilichokatwa hakitumiki tena, na vilivyosalia hupita kwa kudhaniwa tu. Hudai kwamba kukagua kila kipande kutachelewesha kazi. Dai hilo halina nguvu tena. Katika maabara ya taifa ya Marekani iliyoko Golden, Colorado, wataalamu wameonyesha njia nyingine: karatasi yenye platini, ikiwa inasogea juu ya rola, hupulizwa haidrojeni na oksijeni kwa kipimo kisichoweza kuwaka. Platini huziunganisha gesi hizo na joto hutokea. Kamera ya kupima joto huona mara moja palipopoa, ndipo platini ilipopungua. Kazi haisimami, wala karatasi haiharibiki.

Ni kweli kwamba si kila doa ni ugonjwa. Mkaguzi asiyejua kasoro ipi inadhuru atatupa hata kilicho kizima. Lakini hiyo ni sababu ya kumwelimisha mkaguzi, si ya kumwondoa. Sehemu kubwa ya platini ya dunia huchimbwa Afrika Kusini, kwa jasho la wafanyakazi walio chini sana ardhini. Kuipoteza kwa uzembe ni kulidharau jasho hilo.

Kasoro ya kiwandani igunduliwe kiwandani. Abiria asifanywe mkaguzi.