Sindano nayo ina saa ya kuwekwa chini

Safari hii ukurasa wetu wa afya hauzungumzi juu ya malaria wala minyoo. Unazungumza juu ya sindano. Si ile mnayoiogopa kwetu wauguzi, bali ile ya kushonea.

Akina mama wengi wa Kasulu na Kibondo wana mikono myepesi. Wengine wanasuka vikapu na mikeka, wengine wanafuma vitambaa vya makochi. Wako pia wanaoomba kwa mafundi cherehani vipande vya vitenge vilivyobaki, wakaviunga kimoja kimoja mpaka vikawa blanketi la viraka. Ni kazi ya maana. Huku kwetu nyanda za juu baridi ya Juni na Julai si mchezo, na blanketi lililoshonwa vizuri hudumu miaka mingi. Sina neno na kazi hiyo. Neno langu ni kwa wale wasiojua kuiacha hata kwa siku moja.

Tuitazame kazi yenyewe. Viraka vinapoungwa peke yake kitambaa ni chepesi, na mtu anashona huku akizungumza. Ugumu unaanza pale zinapowekwa tabaka tatu, yaani viraka juu, blanketi kuukuu katikati na khanga chini, halafu sindano ipite zote kwa pamoja, mamia ya mara. Kila mchomo dole gumba na kidole cha shahada vinaminya sindano, na kifundo cha mkono kinapinda. Kadiri kazi inavyosonga mbele ndivyo blanketi linavyozidi kuwa zito mapajani na kuvuta mabega. Hapo ndipo mshonaji anaposema, "Nimebakiza kidogo tu." Kwa maoni yangu neno hilo ndilo linaloumiza watu. Mwisho wa kazi ndipo mzigo ulipo mkubwa, na ndipo mtu anapokuwa na haraka.

Tena mkono huo si wa kushona peke yake. Ndio ulioshika jembe asubuhi, ukakamua nguo, ukabeba ndoo na mtoto. Mshonaji anaanza kushona jioni na mkono uliokwisha kuchoka, akiinama karibu na kibatari au taa ndogo ya sola.

Baadaye anakuja kwetu. Anaeleza kwamba usiku anaamshwa na ganzi na maumivu kwenye dole gumba, kidole cha shahada na cha kati, na kwamba anaukung'uta mkono ndipo apate nafuu. Kuna mshipa wa fahamu unaopita mahali pembamba kwenye kifundo cha mkono. Nyama za pale zikivimba, mshipa unabanwa. Wajawazito na wenye kisukari hupatwa na hali hii kwa urahisi zaidi. Akija mapema, mara nyingi tunamwambia apumzishe mkono na alale amefungiwa kibao kinachonyoosha kifundo, na wengi hupata nafuu. Akikaa miezi mingi, ile nyama ya chini ya dole gumba inaanza kupungua, na vifungo vya blauzi vinamshinda. Hapo huenda akahitaji kupasuliwa, na nguvu za mkono zisirudi zote. Mama wa kijijini asiyeweza kuminya vidole vyake amepoteza mengi kuliko blanketi.

Naomba mnielewe vizuri hapa, kwa kuwa si kila ganzi inatokana na kushona. Ukiona baka la ngozi lililofifia lisilosikia mguso, au unajichoma na sindano usisikie, njoo upimwe ukoma na kisukari. Ukoma unatibika, na dawa zake hutolewa bure.

Mambo haya hayakuanza leo. Mwaka 1700 daktari Mwitalia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu juu ya maradhi yanayowapata watu kwa sababu ya kazi zao. Washona nguo wamo. Aliona wanapata ganzi ya miguu na maumivu ya kiuno kwa kukaa siku nzima wamejikunja. Na wale wenye kazi ndogo ndogo za kuchosha macho, aliwashauri waondoe macho yao kwenye kazi mara kwa mara na kutazama vitu vingine. Miaka zaidi ya 300 imepita, nasi tunatoa shauri lile lile. Inua macho, tazama mgomba ulio mbali au mlima wa ng'ambo, pepesa, simama, nyoosha mgongo. Fanya hivyo kabla hujaumwa. Na uliyepita miaka 40, ukiona unausogeza uzi mbali ndipo uone tundu la sindano, usiwalaumu watengeneza sindano. Unahitaji miwani ya kusomea.

Kwa wengi, mapumziko hayo mafupi hayatoshi. Mshono wenyewe utakuambia. Ukifumua mstari ule ule mara ya tatu, ukijichoma kila mara, ukiwagombeza watoto kwa sababu ya uzi, basi kunja kazi, usiku huo imekwisha. Na maumivu yakikukuta asubuhi hata kabla hujaigusa sindano, liweke kando wiki kadhaa. Mvua za Oktoba zikianza na jembe likadai mkono, liweke hadi palizi ipungue. Huo si uvivu. Pwani na Zanzibar kofia nzuri iliyodariziwa kwa mkono huchukua miezi mingi. Anayeishona huichukua akipata nafasi, akaiweka akiitwa jikoni, na mvaaji anajua kwamba atasubiri.

Huku kwetu ndipo ninapoona kasoro, na ninawaambia hasa wanaoagiza. Harusi ni Jumamosi, na shangazi anapelekewa viraka Jumatatu, eti kwa kuwa yeye anakaa tu nyumbani. Anakaa tu nyumbani nani? Kama mnataka blanketi la bwana harusi, mwambieni mshonaji tangu posa ilipopokelewa. Likichelewa, maharusi watalala na blanketi la dukani na la viraka litawafikia baadaye. Wanaume nao wasicheke. Mume anaweza kuteka maji siku ambayo mkono wa mkewe umevimba, na hakuna atakayekufa.

Unapoliweka blanketi kando kwa muda mrefu, lianike juani kwanza, maana nguo yenye unyevu huota ukungu wakati wa masika, kisha lifunge kwenye mfuko na ulitundike panya wasilifikie. Andika kwenye karatasi ulipoishia na rangi ya uzi. Hesabu sindano zako zote, uzichomeke kwenye kipande cha sabuni kavu au kitambaa, ndani ya kopo lenye mfuniko, juu ya kabati. Mtoto anayetambaa huokota kila kitu na kukitia mdomoni. Akimeza sindano, msimpe mkate wala ugali wa kuisukuma. Mleteni hospitali saa hiyo hiyo.